Matangazo ya Vifo kwa Kiswahili Tu

Kazi ya mume wangu Machibya ni kusoma vifo. Nilipomwambia mama yangu kule Muleba kwamba nimepata mchumba, na mchumba mwenyewe anasoma vifo redioni, aliuliza kama Mwanza nzima hakuna Msukuma mwingine mwenye kazi ya kawaida, hata ya kuuza maji. Sisi Wahaya watu hututania kwamba tunajisikia, na siku hiyo nilijisikia kweli. Nilimjibu kwamba mchumba wangu anasikilizwa na watu wengi kuliko mbunge wake.

Wala haukuwa uongo. Majabali FM ni redio ndogo, vyumba vichache juu ya mlima wa mawe hapa Ilemela, na ukiifungua mchana utasikia muziki na vijana wanaochekeshana wao kwa wao. Lakini asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, ukipita vichochoro vya Pasiansi, au ukiwa Magu, au ng'ambo kule Sengerema, utakuta redio zote zinazungumza kwa sauti ya mume wangu: nani amekufa, wapi, anazikwa lini. Watu wanasimamisha mswaki mdomoni. Sauti yake ni nzito, haina haraka, na sijawahi kusikia amemkosea marehemu jina.

Alikuwa na utaratibu wake. Tangazo analisoma kwa Kiswahili kama lilivyoletwa, halafu analirudia kwa Kisukuma, na hapo kwenye Kisukuma ndipo kazi ilipokuwa. Hakuwa anatafsiri tu. Waliolileta tangazo aliwakalisha kwenye benchi akawahoji: marehemu kijijini anaitwaje, ni wa ukoo gani, babu yake alihamia kutoka wapi, ameolewa kwa akina nani. Maana kijijini hakuna anayemjua Leokadia Paulo wa kwenye cheti cha ubatizo. Wanamjua binti wa fulani, aliyeolewa kwa watu wale wa kisima cha chumvi. Bibi kizee aliyeko shambani akisikia hivyo anaweka jembe chini, anajifunga kanga, anaanza safari.

Msikilizaji wake mkubwa alikuwa mama yake mwenyewe, Bibi Kija, anayeishi kijijini upande wa Magu, mahali ambapo ziwa unaliona ukisimama mlangoni. Shule hakwenda. Kiswahili chake kilikuwa "karibu" na "asante", na hata hizo alizitoa kwa uchoyo. Kisukuma changu nacho ni cha kuombea maji. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yangu mimi na mkwe wangu tumekuwa watu wa kutabasamiana na kupeana vitu mkononi, na likiwapo jambo la kusema lazima apatikane wa kutusemea. Nilimpenda hivyohivyo, na nadhani naye alinipenda, ingawa sina maneno ya kuthibitisha.

Bibi Kija hakuwa anasikiliza vifo kwa ajili ya vifo. Alikuwa anasikiliza kama mwanawe ameamka salama. Mara moja Machibya aliugua malaria, akasoma mwenzake, na kabla jua halijatua mama alikuwa ameshatuma mtu mjini kuangalia kama mwanawe yuko hai. Tangu hapo mume wangu akaacha kuumwa. Yaani alikuwa anaumwa, lakini anakwenda kusoma kwanza, homa inafuata baadaye.

Mwaka jana, baada ya masika, likaja onyo. Nadim, mwenye redio, ni Mhindi wa hapahapa. Babu yake aliuza baiskeli Mwanza hii wakati babu zetu bado wanaziogopa, na Kisukuma anakisema kunishinda mimi niliyeolewa nacho. Aliwaita wafanyakazi wote akawaambia bila kuzunguka. Kanuni inasema kituo chenye leseni kinatangaza kwa Kiswahili, au Kiingereza, na lugha za makabila hapana. Watu wa mamlaka walikuwa wamesikiliza na kurekodi vifo vya asubuhi. Kosa likirudiwa, kituo kinafungiwa.

Nadim alikwenda ofisini kwao kuomba waachiwe vifo peke yake. Kwa maelezo yake afisa aliyempokea alikuwa mstaarabu, alimpa hata chai. Akamkumbusha yaliyotokea nchi jirani, ambako redio zilisema na watu kwa kuwagawa mpaka watu wakachinjana, akamwambia nchi hii imeshonwa kwa lugha moja na uzi ukishakatwa mahali hujui nguo itafumukia wapi. Nadim akarudia kwamba anaomba vifo tu. Afisa akamjibu kwamba leo ni vifo, kesho itakuwa kampeni.

Sina ugomvi na Kiswahili. Bila Kiswahili mimi na Machibya tungeangaliana tu siku ile pale soko la Kirumba, kila mmoja akashika njia yake, na Winnie wetu asingezaliwa. Wala yule afisa sikumwona mjinga. Mimi ni fundi cherehani, hiyo habari ya uzi naielewa kuliko yeye. Lakini nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaisha. Kanuni ile iliandikwa na mtu ambaye mama yake anajua Kiswahili.

Machibya hakubishana na mtu. Kituo kile kinalisha nyumba nyingi, na yeye si mtu wa kufungia wenzake riziki. Kesho yake alisoma kwa Kiswahili, na pale alipozoea kuvuta pumzi aanze Kisukuma, aliivuta ile pumzi, akanyamaza, akaingia tangazo linalofuata. Nilikuwa nachemsha chai na nilisikia ule ukimya. Baada ya siku chache mzee mmoja alitoka Igombe kwa miguu akaja mpaka kituoni. Dada yake alikuwa ametangazwa na kuzikwa, na yeye redio ilikuwa sikioni muda wote. Hakutukana. Alisema alitaka tu kumwona huyo anayesoma. Machibya akatoka, mzee akamtazama, akashuka mlima. Jioni ile mume wangu alisukuma sahani ya ugali akaenda kulala.

Tulikwenda kijijini ili amweleze mama yake mwenyewe. Bibi Kija alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kifupi. Nikajua limemwingia Machibya, maana aliinuka kwenda kuangalia ng'ombe ambao wala hawakuwa na shida. Tukiwa njiani kurudi ndipo akanitafsiria. Mama aliuliza, "Kwa hiyo siku hizi unawasomea akina nani?"

Hata hivyo hakuacha kusikiliza. Majirani walituambia redio yake inawaka kila asubuhi kama zamani. Machibya alifarijika sana kwa hilo. Alisema mama anasikiliza sauti, maneno si kitu, na mimi nikakubali. Hata mtoto mchanga hulala kwa sauti ya mama yake na hajui anaambiwa nini.

Sasa nimfikie Malimi. Bibi Kija alizaa watoto wengi, wakabaki wawili, Machibya na mdogo wake huyu. Malimi alikuwa fundi bomba hapa Pasiansi. Alibatizwa ukubwani akachukua jina la Josephat, na mjini wote walimjua kwa hilo, lakini mama yake hakuwahi kulitia mdomoni. Kwake mtoto alikuwa Malimi. Alikuwa mtu wa vicheko. Mimi aliniita Profesa, kwa sababu ya Uhaya wangu, na akija kwangu alibisha hodi kwa Kiingereza kibovu makusudi ili nimfukuze. Nusu ya mabomba ya Pasiansi yalipitia mikononi mwake, na nyumbani kwake mwenyewe maji alichota kwa jirani. Nilikuwa namcheka kwa hilo. Natamani ningekuwa bado namcheka.

Ilianza kama homa ya kawaida. Halafu kichwa, halafu akawa hatutambui. Hospitali walifanya walichoweza na wiki haikuisha. Alikufa jioni, jua likiwa bado juu ya maji, na Machibya ndiye aliyemfumba macho.

Tulikutana nyumbani kwetu kupanga. Kwa watu wa mume wangu mama hapigiwi simu kuambiwa kwamba mwanawe amekufa. Anatumwa mtu mzima wa upande wake. Huyo anaingia, anakaa, anaomba maji ya kunywa, anazungumza habari za mvua na za malisho, mpaka mama mwenyewe aanze kuhisi kwamba huyu hakuja kwa ajili ya mvua. Hapo ndipo anaambiwa, na wanawake wa kumshika wawe wameshakaa karibu. Mtu mwenyewe alikuwa Mashimba, kaka yake Bibi Kija, anayeishi Sengerema. Alisema alfajiri angekuwa Mwanza. Mimi ningefuatana naye kama mkwe, na mwili na waombolezaji wangekuja kesho yake kwa mazishi.

Tatizo likawa redio. Ndugu wametapakaa, Geita, Misungwi, Kwimba, Ukerewe, na simu nyingi tulizopiga hazikupatikana. Tangazo lisiposomwa asubuhi, wengi wangekuta kaburi limeshafunikwa. Na watu wangesemaje, familia ya msoma vifo ifiche kifo chake? Lakini asubuhi hiyohiyo, kabla Mashimba hajapanda hata basi, Bibi Kija angekuwa amekaa na redio yake. Mtu mwingine akisoma badala ya Machibya, atajua kuna baya. Machibya akisoma, je?

Mashimba alikuwa kwenye simu, tumeiweka mezani kwa sauti kubwa. Akatuuliza tunahangaika nini. "Dada yangu hajui Kiswahili," alisema. "Kwa mara ya kwanza serikali imetusaidia. Soma, Machibya."

Tulicheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka na machozi. Ilikuwa kweli. Kanuni tuliyoilaani mwaka mzima sasa ndiyo ingekuwa pazia. Kuhusu majirani wanaojua Kiswahili, Mashimba alisema hakuna wa kufungua mdomo wake mbele ya mama kabla watu wa ukoo hawajafika. Wangejua na wangenyamaza, ndiyo adabu ya kule.

Machibya akaliandaa tangazo kwa ufundi wake wote, ufundi uleule aliotumia zamani ili watu waelewe, safari hii ili mtu mmoja asielewe. Majina yanasikika kwa lugha yoyote, kwa hiyo aliyaondoa. Malimi akatoka, akabaki Josephat. Jina la kijiji likatoka. Orodha ya ndugu, ambayo huwa ndiyo roho ya tangazo, ikatoka yote. Jina la Bibi Kija likatoka, mahali pake pakaandikwa mama yake mzazi. Jina la Machibya mwenyewe likabaki, kwa sababu mama hulisikia kila asubuhi akijitambulisha na halimshtui.

Kilichobaki ni sauti. Nadim, ambaye alikuja kutupa pole na kukaa chini kwenye mkeka kama sisi, alijitolea kusoma yeye. Machibya akakataa. Alisema mama akisikia sauti iko sawa atapika uji wake atakunywa, Mashimba atamkuta ana nguvu. Alijaribu kusoma mbele yangu chumbani. Alifika kwenye mdogo wake akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Nikamwambia aache, Mungu atampa sauti kesho, na sikuwa na hakika hata kidogo na nilichokuwa nasema.

Asubuhi mimi na Mashimba tulikuwa stendi ya Buzuruga, tumekaa kwa mama ntilie mmoja, chai mbele yetu haina aliyeigusa. Redio yake ilikuwa juu ya ndoo. Machibya akajitambulisha kama siku zote. Akasoma kifo cha mwalimu mmoja wa Nyakato, akasoma cha bibi wa Misungwi. Halafu akasoma:

"Machibya Chenge wa Ilemela anasikitika kutangaza kifo cha mdogo wake, Josephat, fundi bomba wa Pasiansi, aliyefariki dunia jana jioni baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana nyumbani kwa mama yake mzazi. Habari hizi ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Hakukwama. Sauti ilipita kwenye mdogo wake kama inavyopita kwenye wadogo wa watu wote, nzito, haina haraka. Mama ntilie, asiyejua sisi ni nani, aliweka mwiko chini akasema maskini, amesoma vya watu miaka yote na leo amesoma chake. Mashimba alijifuta uso kwa kofia yake, akasema kijana ni jasiri. Nilijisikia fahari, nakiri, fahari katikati ya msiba, kwa sababu mume wangu alikuwa amemlinda mama yake. Tukapanda basi.

Kutoka barabara kuu tulichukua pikipiki mbili. Nilikuwa natega sikio njia nzima kama kuna kilio. Hakukuwa na kilio. Watu tuliowapita walitusalimu kwa sauti ya chini na kuangalia pembeni, nikaelewa kwamba wanajua na wamenyamaza, na mambo yamekwenda kama Mashimba alivyosema. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Bibi Kija alikuwa amekaa barazani juu ya ngozi, miguu ameinyosha, na pembeni yake jirani yake Suzana, mjane ambaye zamani alikuwa akichuuza dagaa Kirumba. Jikoni hakukuwa na moshi.

Nilipiga magoti nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuombea maji. Mashimba akakaa, akaomba maji, Suzana akamletea. Akaanza habari za mvua. Aliisema vizuri, kama mtu ambaye kweli mvua ndiyo iliyomtoa Sengerema. Akaingia kwenye malisho, akaingia kwenye ndama wa jirani yake. Bibi Kija alimwacha aseme yote. Mashimba alipoishiwa, mama akageuka kunitazama mimi, si kaka yake. Akasema nami kwa Kiswahili, kwa lafudhi nzito ya kwao, taratibu, kila neno akilishika kabla ya kuliachia.

"Dorotea. Mdogo wake Machibya amefariki dunia."

Nilidhani Mashimba ndiye aliyesema. Nilimwangalia Mashimba, naye alikuwa ananiangalia mimi.

"Mazishi kesho, saa nane mchana," Bibi Kija akaendelea. "Nyumbani kwa mama yake mzazi." Akaweka kiganja kifuani. "Mama mzazi ni mimi."

Sijui nilifikaje pale kwenye ngozi. Nilimkumbatia, nikalia kwa sauti, na Mashimba akaanza kulia kama mtoto, na hapo ndipo majirani, ambao kumbe walikuwa nyuma ya miti ya michongoma muda wote wakisubiri, wakatoka na vilio vyao. Yeye hakulia. Alinipigapiga mgongoni, kama mimi ndiye niliyefiwa na mwana.

Baadaye, tukiosha vyombo vya wageni, Suzana alinieleza. Tulipoondoka siku ile Machibya alipokuja kueleza habari ya kanuni, Bibi Kija alimfuata Suzana nyumbani kwake akamwambia anataka kufundishwa Kiswahili. Suzana alicheka akamuuliza cha kazi gani uzeeni. Mama akamwambia, "Mwanangu anasema kila siku na mimi simsikii." Basi kila asubuhi Suzana akawa anakuja, wanakaa na redio, Machibya akisoma sentensi Suzana anaitafsiri, mama anairudia kwa Kiswahili. Hakujifunza maneno ambayo watu huanza nayo. Kuomba chumvi hakujua, lakini alijua marehemu, na mazishi, na kuugua kwa muda mfupi, na mama mzazi, na mkwe, na mdogo wake, kwa sababu hayo ndiyo aliyosoma Machibya. Alikataza tusiambiwe. Alitaka siku moja Machibya akija amshangaze, ampokee kwa Kiswahili.

Wiki za mwisho alikuwa amemwambia Suzana asitafsiri tena. Yeye mwenyewe atatafsiri, Suzana asahihishe. Na asubuhi hiyo ikawa hivyo. Tangazo la mwalimu wa Nyakato mama alilipatia vizuri. La bibi wa Misungwi alilikosea kidogo, Suzana akamsahihisha, wakacheka. Lilipokuja la tatu Suzana alielewa mara moja, akataka kuizima redio, akaona mkono hauendi. Bibi Kija alikuwa amefumba macho kama kawaida yake, ili asikie vizuri. Akaanza kutafsiri. Machibya anasikitika. Amefiwa na mdogo wake. Fundi wa mabomba. Jana jioni. Watamzika kesho, saa nane, kwa mama yake aliyemzaa. Alilimaliza lote bila kosa, akafumbua macho amtazame mwalimu wake aone kama amepatia.

Suzana aliinamisha kichwa tu. Bibi Kija akanyoosha mkono akaizima redio mwenyewe.

Nilifikiria kumpigia Machibya. Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Aliponipigia yeye, swali lake la kwanza lilikuwa kama mama alikunywa uji. Nikamwambia mama ameambiwa, na ametulia. Niliona mengine hayasemeki kwa simu, na nadhani hata leo ningefanya hivyohivyo.

Walifika kesho yake mchana. Nadim alikuwa amewaleta kwa gari lake la mizigo, jeneza nyuma, vijana wa Pasiansi wamekaa pembeni yake, mafundi wenzake Malimi. Nadim aliposhuka alimpa Bibi Kija pole kwa Kisukuma kilichonyooka, akainama sana, na mama akamshika mikono. Kisha akashuka Machibya. Alikuwa amevaa suti anayovaa mazishini kwa watu. Ndugu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia; tangazo lilikuwa limefanya kazi yake, walitoka Geita, walitoka Kwimba, wengine usingizi bado uko machoni.

Machibya alimwendea mama yake akiwa na lile jambo usoni, nililiona, uso wa mtu anayetaka kuomba radhi kwa kumficha. Alianza kwa Kisukuma. Bibi Kija alimwekea vidole mdomoni akamnyamazisha. Akamtazama kwa muda mrefu, kama vile anatafuta neno alipoliweka, halafu akamwambia kwa Kiswahili, watu wote wakisikia:

"Umesoma vizuri, baba. Nimeelewa yote."

Machibya alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akamtazama tena mama yake. Nikaona inamwingia, polepole, neno kwa neno. Ile sauti iliyopita pale kwenye mdogo wake bila kukwama ikakatika. Alikaa chini palepale kwenye vumbi na suti yake, akashika miguu ya mama yake, akawa anamwita mama kwa lugha yake, mayu, mayu, na hakuna neno jingine lililotoka, la Kisukuma wala la Kiswahili, mpaka vijana wa Pasiansi walipokuja kumwinua tukazike.